Satei, singo, udi na hina: namna ya kupanga jioni ya kinadada nyumbani

Katika mambo ya kujipendezesha ambayo wanawake wa pwani tumeyarithi kwa mama na bibi zetu, manne ndiyo niyapendayo kuliko yote: singo, yaani maua na liwa vilivyotwangwa vya kusugulia ngozi, mwilini, udi nguoni na nyweleni, asmini kichwani, na hina mikononi na miguuni. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaalika shoga zangu watano, Jumamosi moja kila baada ya muda, ili tuyafanye yote manne kwa pamoja nyumbani kwangu, na chakula tunachoifungulia jioni hiyo ni satei, yaani mishikaki ya nyama nyembamba, ya kuku ya Kithai pamoja na mchuzi wake wa karanga. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandaa kila kimoja, lakini zaidi ya hapo unaeleza utaratibu wa kuvifuatanisha, kwa sababu utaratibu ndio unaoamua kama mwenyeji naye atastarehe na wenzake au atawatumikia wageni mpaka usiku wa manane.

Jambo hili nililijua kwa kulikosea. Mara ya kwanza nilianza na hina, kwa kuwa mchoraji alifika mapema, nikachorwa mikono yote miwili saa tisa alasiri na nyama ikiwa bado mbichi jikoni. Nilikaa kitini mikono juu ya mapaja huku wageni wasiolijua jiko langu wakichoma kuku aliyeungua nje na kubaki mbichi ndani, mchuzi ukashika chini ya sufuria, na udi niliokwisha kufukiza chumbani ukamezwa wote na moshi wa mafuta ya kuku. Tangu siku hiyo sijabadilisha mfuatano: moshi wa jiko kwanza, maji baada ya moshi, udi baada ya maji, na hina mwisho wa yote. Saa zote nitakazotaja hapa ni za Jumamosi, na vipimo vya chakula vinatosha watu sita.

Kwa nini satei

Asili ya satei ni kisiwa cha Java, nchini Indonesia, na kutoka huko ilienea Malaysia hadi Thailand, ambako wapishi waliipa sura yao wenyewe. Ya Kithai hutambulika kwa nyama nyembamba iliyolowekwa katika tui la nazi, manjano na mchaichai, kwa mchuzi mzito wa karanga uliokaangiwa viungo vyekundu, na kwa kachumbari tamu yenye siki inayoitwa ajat. Jina hilo la ajat ni ndugu wa neno letu achari, kwa kuwa yote mawili yana asili moja katika lugha za Bara Hindi. Katika mitaa ya Bangkok nyama iliyozoeleka ni ya nguruwe, lakini Waislamu wa kusini mwa nchi hiyo hupika ya kuku na ya ng'ombe, na wauzaji wengi huandamanisha mishikaki hiyo na vipande vya mkate uliobanikwa.

Niliichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba karibu kila kinachohitajika kipo sokoni kwetu: nazi, mchaichai, manjano, giligilani, bizari nyembamba, ukwaju, karanga. Ya pili ni kwamba kazi yake kubwa humalizika asubuhi, na inayobaki jioni ni kuchoma tu, dakika nane kwa kila kundi la vijiti. Chakula kinachomtaka mpishi asimame jikoni hadi dakika ya mwisho hakifai kwa siku ya namna hii, hata kiwe kitamu kiasi gani.

Ijumaa usiku: kukanda hina

Unga wa hina hautoi rangi mara tu unapoguswa na maji, na kwa hiyo ndio wa kwanza kuandaliwa ingawa ndio wa mwisho kutumika. Chekecha gramu 100 za unga safi wa kijani kwa kitambaa chepesi, ili chembe zisije zikaziba tundu la koni wakati wa kuchora. Changanya na vijiko viwili vya mezani vya sukari, inayosaidia hina kushikamana na ngozi isidondoke, kisha mimina kidogo kidogo maji ya ndimu yaliyochujwa huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito usio na madonge. Kwa kawaida utatumia karibu robo lita. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi, ambayo huifanya rangi ikoze, ila kama miongoni mwa wageni kuna mjamzito au mtoto ni heri kuyaacha kabisa. Funika kwa karatasi ya nailoni inayogusa uso wa uji wenyewe na uache chumbani usiku kucha. Asubuhi utaona juu pamegeuka kahawia ilhali chini bado pana kijani, na hiyo ndiyo alama kwamba rangi imeanza kutoka. Hapo tia bakuli ndani ya friji mpaka jioni.

Kuhusu piko sina budi kusema wazi. Piko nyeusi inayokoza kwa nusu saa si hina hata kidogo, bali mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo ikipakwa moja kwa moja juu ya ngozi inaweza kuchubua, kutoa malengelenge na kuacha makovu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa mara moja anaweza kuendelea kudhurika kila atakapopaka rangi ya nywele katika maisha yake yote. Kwangu piko haingii, na mchoraji anayekuja humwarifu mapema kwamba atatumia hina yangu niliyoikanda mwenyewe.

Saa tatu asubuhi: kukata na kuloweka nyama

Nunua gramu 800 za mapaja ya kuku yaliyotolewa mifupa na ngozi. Kidari nacho hufaa, lakini hukauka upesi juu ya makaa, na mgeni wa mwisho kula hukikuta kigumu. Kata vipande virefu vyembamba, upana wa vidole viwili na unene wa nusu sentimita, ukifuata nyuzi za nyama ili visikatike unapovitunga. Nyama ikiwa imekaa kwenye friza dakika 20 hukatika vizuri zaidi.

Twanga kinuni mabua mawili ya mchaichai, sehemu nyeupe ya chini tu iliyokatwa vipande vyembamba sana, pamoja na punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Wathai hutumia mzizi mwingine ambao ni jamaa wa tangawizi, wenye harufu kali inayokaribia ya msonobari. Tangawizi yetu hushika nafasi yake bila kuharibu kitu. Kaanga bila mafuta kijiko kimoja cha mezani cha mbegu za giligilani na kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba hadi vinukie, kisha saga. Changanya vyote na kijiko kimoja cha chai cha manjano, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, kijiko kimoja cha mezani cha sukari, vijiko viwili vya mezani vya nam pla, yaani mchuzi wa samaki wa Kithai unaouzwa katika maduka makubwa ya mijini, na kikombe kimoja kisichojaa cha tui zito. Usipoipata nam pla, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha.

Hapa mpishi wa mishkaki atashawishika kutia ndimu au papai bichi kama tulivyozoea. Nakusihi usitie. Vipande hivi ni vyembamba mno, na ndimu au papai vikikaa navyo saa sita vitavigeuza kuwa laini kama uji. Tui na mchaichai vinatosha kulainisha. Vaa glavu unapochanganya, kwa sababu manjano hushika kucha, na kucha za manjano chini ya hina mpya hazipendezi. Funika, weka kwenye friji, na uloweke vijiti 30 vya mianzi katika maji kwa muda wa saa moja kabla ya kutunga. Kule Java wengi hutumia chelewa za makuti ya mnazi, nasi ambao minazi imetuzunguka tunaweza kufanya hivyo hivyo, mradi ziparwe vizuri na kuchemshwa.

Saa tano: mchuzi wa karanga

Sehemu hii ndiyo roho ya sahani nzima, na ndiyo inayomtaka mpishi wa pwani aende kinyume na alivyofundishwa.

Anza na karanga. Chagua gramu 150 punje kwa punje, utupe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa kuwa karanga zilizohifadhiwa vibaya zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa nyumbani. Zikaange polepole bila mafuta mpaka maganda yaachane, zipepete, kisha zitwange kiasi, nusu iwe unga na nusu ibaki chenga. Siagi ya karanga ya chupa hurahisisha kazi, lakini huufanya mchuzi kuwa kama gundi na kuupotezea zile chenga zinazosikika menoni. Na kabla ya yote hayo, waulize wageni mmoja mmoja kama yupo anayedhurika na karanga. Ni swali la kuulizwa siku ya mwaliko, kwa kuwa mbele ya sinia huwa tumechelewa.

Viungo vyekundu vya Kithai vinauzwa vikiwa tayari katika vikopo, ila vya kutwanga nyumbani vina uhai zaidi. Loweka pilipili nyekundu kavu sita katika maji ya moto baada ya kutoa mbegu, kisha zitwange pamoja na vitunguu maji vidogo vitatu, punje tatu za kitunguu saumu, bua moja la mchaichai, tangawizi kidogo, maganda ya ndimu moja yaliyoparwa bila weupe wake, kijiko kimoja cha chai cha giligilani iliyosagwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wathai huongeza kamba waliochachushwa; mimi natia kijiko kimoja cha chai cha uduvi mkavu uliokaangwa, na harufu yake hukaribia sana ile yenyewe. Mgeni asiyekula uduvi hutajiwa mapema kama yule wa karanga.

Sasa njoo kwenye tui. Chukua nazi mbili uzikune, kamua tui la kwanza uliweke kando, kisha tia maji ya vuguvugu na ukamue la pili. Sote tulifundishwa kukoroga tui bila kupumzika ili lisikatike, na bibi yangu alimhesabia mpishi tui lililokatika kuwa aibu. Katika mchuzi huu tunataka likatike. Bandika kikombe kimoja cha tui zito katika sufuria pana juu ya moto wa wastani, uliache lichemke taratibu bila kulifunika, ukisukasuka mara moja moja tu. Baada ya dakika tano hadi nane litakuwa zito, mapovu yake yatakuwa makubwa na mazito, sauti ya kuchemka itageuka na kuwa ya kukaanga, na mafuta meupe yatajitenga pembeni. Hapo ndipo unapotia viungo ulivyotwanga na kuvikaanga ndani ya mafuta hayo ya nazi mpaka yageuke mekundu na harufu ikufikie sebuleni. Viungo vikitiwa kabla mafuta hayajajitenga vitachemka badala ya kukaangika, na mchuzi utabaki na ubichi wa pilipili ambao hakuna sukari itakayouficha.

Mimina kikombe kimoja cha tui la pili, karanga, vijiko viwili vya mezani vya sukari guru iliyoparwa, vijiko viwili vya mezani vya ukwaju mzito uliochujwa, na kijiko kimoja cha nam pla au chumvi kwa kuonja. Punguza moto na ukoroge sasa kwa bidii, kwa kuwa karanga hushika chini haraka, kwa dakika kumi au zaidi kidogo. Mchuzi uwe mzito wa kufunika mgongo wa mwiko, na ladha ya kwanza ulimini iwe utamu, ukali wa ukwaju ufuate, pilipili ije nyuma. Utazidi kuwa mzito ukipoa, kwa hiyo uepue ukiwa mwepesi kuliko unavyoutaka.

Ajat haina kazi kubwa. Chemsha nusu kikombe cha siki nyeupe, nusu kikombe cha sukari, robo kikombe cha maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi mpaka sukari iyeyuke, ipoze, uiweke. Tango moja, vitunguu vidogo vitatu na pilipili moja vitakatwa na kumiminiwa maji hayo wakati wa kula tu, ili tango libaki likivunjika kinywani.

Saa tisa: asmini na singo

Wageni wangu hufika baada ya alasiri, na huwakuta jamvi limekwisha kutandikwa uani, sinia la maua katikati. Maua ya asmini huchumwa yakiwa bado matumba, kwa maana hufunguka usiku, na koja lililotungwa kwa matumba ndilo litakalonukia saa mbili wakati maua yaliyochumwa yamekwisha kufunguka yamesinyaa. Sindano nyembamba, uzi mweupe wa pamba, na matumba yatungwe kwa kupitisha sindano kwenye kikonyo, si katikati ya ua. Wathai nao ni mabingwa wa kazi hii. Mashada yao ya asmini huuzwa barabarani na kwenye mahekalu, na ua hilohilo ndilo alama ya siku yao ya akina mama, tarehe 12 Agosti. Asiyetaka koja kichwani hujifungia kikuba cha asmini, mrehani na mkadi akakibandika kifuani penye kanga.

Wakati wawili wanatunga, wengine hutwanga singo. Kwa watu sita tunatumia viganja vitatu vya mawaridi, kiganja kimoja cha asmini zilizofunguka, maua machache ya mlangilangi, majani ya mpompia na ya mrehani, na vijiko sita vya mezani vya liwa iliyosagwa, vyote vikilainishwa kwa marashi mpaka vishikamane kama unga wa chapati uliokazwa. Karafuu iwe nusu kijiko cha chai tu, tena iliyosagwa laini sana. Wapo wanaopenda kuizidisha, lakini karafuu ni kali na ngozi nyembamba huwashwa. Kila mmoja ajaribu kidogo ndani ya kiwiko na kusubiri robo saa, na aliyenyoa siku hiyo asipake palipopita wembe. Singo ifinyangwe vidonge vya ukubwa wa ndimu, ifunikwe kwa kitambaa kibichi ingojee zamu yake.

Saa kumi: kuchoma na kula

Mwenyeji sasa hufunga nywele zake ndani ya kanga kuukuu na kuwasha makaa nje. Tunga kila kipande kama unavyoshona, kijiti kikiingia na kutoka mara tatu au nne, nyama ikunjuke na kulala bapa bila kujikunja donge. Makaa yawe yamevaa jivu jeupe, pasiwe na ndimi za moto. Choma dakika tatu hadi nne kila upande, ukipaka tui jipya lenye chumvi kidogo kwa bua la mchaichai lililopondwa ncha hadi likawa brashi. Kila linapogusa nyama ya moto huacha harufu ambayo brashi ya dukani haiwezi kuitoa. Lile tui lililolowekea nyama mbichi lisitumike kupakia; limwage. Nyama ikiiva pembe zake huwa na weusi kidogo, na ukikipasua kipande kinene kuliko vyote usione uwekundu.

Andaa sinia moja: mishikaki, bakuli la mchuzi uliopashwa, ajat iliyomiminwa muda huohuo, na mkate uliobanikwa juu ya makaa yaliyobaki na kukatwa vidole vidole. Mishikaki mitano kwa kila mtu pamoja na mkate huo hutosha kabisa, nasi hatupiki chakula kingine usiku, kwa kuwa baada ya hina hakutakuwa na mikono ya kulia. Nawaomba wenzangu wale bila haraka. Huu ndio wakati ambao mazungumzo huwa matamu kuliko wakati mwingine wowote wa jioni hiyo, na mchuzi wa karanga una tabia ya kuwafanya hata wasemaji hodari wanyamaze kwa dakika kadhaa.

Jua likizama: singo na maji

Sasa moshi na manjano viondoke. Kila mmoja hulowesha mwili kwa maji ya vuguvugu, huvunja kidonge chake kiganjani, na kuisugua singo kwa mizunguko midogo kuanzia miguuni kupanda juu, mpaka ikauke kidogo na kuanza kudondoka yenyewe ikichukua taka za ngozi. Shoga humsugua mwenzake mgongo. Hilo si la kuona haya, ndivyo mabibi harusi wanavyosingwa tangu enzi. Suuza kwa maji matupu bila sabuni ili harufu ibaki, isipokuwa mikono na miguu, ambayo ioshwe kwa sabuni na kukaushwa sawasawa. Mafuta yoyote yatakayobaki hapo yataizuia hina kushika, na kwa sababu hiyohiyo wanaopenda kujipaka mafuta ya nazi baada ya kuoga wapake mwili wote waache viganja na nyayo.

Baada ya magharibi: udi

Watu wengi hawajui kwamba udi tunaofukiza Unguja, Mombasa na Maskati una uhusiano na nchi ya satei yetu. Udi si gome wala si ua. Ni mbao ya ndani ya miti ya jenasi Aquilaria, ambayo ikijeruhiwa na kuingiwa na kuvu hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi wenye harufu, na Thailand ni miongoni mwa nchi zinakoota miti hiyo na kupandwa mashambani. Mti mzima, usio na jeraha, hauna udi. Kwa sababu ulikatwa bila kiasi misituni, wajumbe wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini, waliokutana Bangkok mwezi Oktoba 2004 waliamua kuziweka aina zote za Aquilaria chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Kwa hiyo kipande cha kweli ni ghali, na hakipaswi kuchezewa.

Washa kaa moja dogo, lisubiri livae jivu, kisha liweke ndani ya chetezo na kulifunika kwa jivu jepesi kabla ya kuweka kipande cha udi cha ukubwa wa ukucha. Juu ya kaa tupu lenye wekundu udi huungua ukatoa harufu ya kuni. Juu ya jivu hutokota taratibu, na unaweza kuuona utomvu ukitoa mapovu madogo pembezoni mwa kipande. Ule uliopikwa kwa sukari na manukato huungua upesi zaidi, nao unahitaji jivu nene. Nguo zitandazwe juu ya tenga lililofunika chetezo kwa dakika kumi, na nywele zifukizwe zikiwa bado na unyevunyevu kidogo, kwa kuwa zikikauka kabisa harufu haikai. Dirisha moja libaki wazi wakati wote, na mwenye pumu akae chumba kingine mpaka moshi utulie.

Saa mbili usiku: hina

Toa hina kwenye friji nusu saa kabla, uijaze kwenye koni za nailoni, ukate ncha nyembamba kama ya sindano ya majora. Mwenyeji achorwe wa mwisho, baada ya kuzima jiko, kufunga milango na kuhakikisha kila mgeni ana mahali pa kulala au usafiri wa kumrudisha, kwa sababu akishachorwa hatashika tena funguo wala simu. Mstari ukianza kukauka, upangusiwe kwa pamba iliyochovywa katika maji ya ndimu yenye sukari, mara mbili au tatu, ili hina isipasuke na kudondoka mapema. Iachwe mwilini kwa saa sita angalau. Sisi hulala nayo, viganja vikiwa vimefungwa kwa kitambaa laini cha pamba.

Jumapili asubuhi usiioshe. Ikwangue kwa upande butu wa kisu cha siagi, kisha upake mafuta ya nazi na uepuke maji mikononi kwa kadiri uwezavyo mpaka mchana. Usishtuke ukiona rangi ya chungwa. Ndivyo hina ya kweli ilivyo siku ya kwanza, na itaendelea kukoza kuelekea kahawia nyekundu hadi Jumatatu usiku. Mchuzi wa karanga uliobaki hukaa kwenye friji siku tatu, na ukipashwa kwa maji kidogo huliwa vizuri na muhogo wa kuchemsha, ambao Jumapili hiyo ni vyema umenywe na kupikwa na mtu ambaye hakuchorwa.